Mtunzi wa Dawa ya Panya

Natunga nyimbo tangu 1983. Zimejaa madaftari 7 ya kurasa 96, yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ukiniuliza ni ngapi nitakwambia 212 bila kufikiri. Mtu ambaye redio haijawahi kumpiga hata Jumapili alfajiri lazima awe na kitu cha kuhesabu. Sasa katika hizo zote, ule ambao Kisumu inaujua, kuanzia Kondele mpaka Nyalenda, ni wa dawa ya panya.

Gita la kwanza niliunda mwenyewe kule kwetu Maragoli, debe la mafuta ya kupikia na kipande cha ubao. Nyuzi nikatoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Ukiufumua ule waya unapata nyuzi nyembamba safi kabisa, kila kijana aliyejifunzia gita kwenye umaskini analijua hilo. Ila baiskeli yenyewe ilikuwa ya baba, na kesho yake baba alikuwa na safari ya Kisumu. Ule mteremko wa Kiboswa kushukia Mamboleo haukuulizi kama una breki. Siku hiyo mzee alifika mjini mapema kuliko siku zote, na kiatu kimoja. Jioni nikachapwa kwa mdundo ambao hadi leo naweza kukupigia mezani.

Sikukoma. Nikaungana na binamu yangu, mimi gita, yeye chupa ya Fanta. Vijana wa leo wanacheka, lakini chupa ile ya zamani yenye mistari mistari ukiikwaruza kwa chuma, hiyo ni ngoma. Ndivyo omutibo, ule mtindo wa gita wa kwetu Waluhya, ulivyopigwa enzi za kina George Mukabi, gita kavu na chupa, na watu wakacheza. Halafu binamu akapata kazi Nakuru, akahama na chupa yake. Nilijaribu kuingia benga, muziki wa Waluo, nikashindwa. Kwenye benga mwimbaji anamaliza maneno yake mapema, anawaachia magitaa uwanja yatambe. Mimi nilimaliza maneno, nikaliangalia gita langu, nalo likaniangalia.

Malipo yetu yanajulikana: chai. Unaitwa matangani saa nne usiku uwachangamshe waombolezaji, unakaa karibu na moto, moshi machoni, unaimba mpaka sauti inakuwa kama ya mbuzi, na asubuhi unapewa kikombe na vipande viwili vya mkate. Siku hizi hata hiyo chai imepotea. Anakuja kijana na jenereta na spika kubwa kama kabati, ananiambia, “Mzee, pumzika kidogo.” Hiyo kidogo imeanza 2009.

Sasa nije kwenye kidonda. Miaka ya 1990, gugumaji lilipokuwa limefunga ghuba yetu ya Ziwa Victoria mpaka mashua za Dunga zikakosa pa kupita, nilimtungia mama watoto wimbo. Nilikaa ufukweni nikaliangalia lile gugu, maua yake ya zambarau, jinsi linavyoingia polepole, na ukigeuka tu limekuwa mara mbili. Nikasema, haya ndiyo mapenzi. Nikaandika kwamba aliingia moyoni mwangu kama gugumaji, na serikali yote imeshindwa kumtoa. Hebu niambie, hapo kosa liko wapi? Nilimwimbia jioni akichambua omena. Akasikiliza mpaka mwisho, akapuliza vumbi kwenye ungo, akauliza, “Kwa hiyo mimi ni magugu?” Wiki nzima nilikula ugali na maji ya mboga.

Wimbo ukalala ndani ya daftari la tatu. Miaka mingi ikapita. Siku moja pale Kibuye, jamaa wa mkokoteni wa dawa ya panya, ule wenye spika, akanisikia nikiupiga huku nikisubiri fundi anishonee kiatu. Akasema sauti ni tamu ila maneno yabadilike. Sikuwa nimekula. Nikaketi juu ya gunia, dakika kumi tu:

Panya, mende na kunguni,
Hameni humu nyumbani,
Hamsini mfukoni,
Mtalala kaburini.

Mizani nane kila mshororo, vina vimekaa, hata mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa alama zangu. Nikarekodiwa kwenye simu, ikahamishiwa kwenye flashi, nikapewa shilingi 500 na pakiti sita za dawa. Pakiti nikapeleka nyumbani.

Tangu hapo sina amani. Naamka saa kumi na mbili, napita chini ya dirisha langu mwenyewe nikiuza sumu. Betri ya spika ikichoka, sauti yangu inashuka, inakuwa kama ya mtu aliyeila hiyo dawa. Watoto wa ploti wananiita Mzee Kunguni. Juzi kwenye harusi nilikubaliwa nyimbo mbili, nikachagua zile zangu nzito, moja ya haki ya mvuvi na moja ya mayatima. Katikati ya mayatima meza ya nyuma ikaanza kupiga vijiko: “Panya! Panya!” Bwana harusi mwenyewe akasimama kucheza. Ningefanyaje? Nikapiga panya. Mara tatu.

Nimerudi nyumbani na gita begani, nimekasirika, nimekuta mama watoto anaosha sufuria na anaimba chini chini. Nikajua ni ile ile ya mkokoteni. Nikasimama mlangoni nimkemee. Kumbe siyo. Anaimba ule ubeti wa pili, wa maua ya zambarau, ambao muuza dawa aliukataa kwa sababu ulikuwa mrefu. Neno kwa neno, baada ya miaka yote hiyo. Nimeweka gita chini taratibu, nimevuta stuli, karibu machozi yanitoke.

Akageuka, akajifuta mikono kwenye leso.

“Baba watoto, nilionana na yule wa mkokoteni leo sokoni. Tukaongea. Hebu niambie, zile mia tano ziliendaga wapi?”

Nyuzi za gita, jamani. Nyuzi halisi, za dukani.