Hosti ikisema RAM imejaa, usikimbilie kumwambia mtu atulie

Mtu akiuliza kwa nini hosti yake ya Proxmox, yaani seva inayoendesha kompyuta pepe (VM) ndani yake, inaonyesha RAM asilimia 92 wakati VM zake ukizijumlisha hazifiki hapo, jibu linakuja kabla hajamaliza kueleza: tulia ndugu, Linux ndivyo ilivyo, RAM ikikaa bure ni hasara, hiyo ni keshi tu, itaachiwa ikihitajika. Na mwenzetu anaondoka ametulia kweli. Mi naona hilo jibu kwa laptop liko sawa kabisa, ila kwa hosti liko sawa nusu, na nusu iliyobaki ndo inayozima VM saa nane usiku.

Wanaosema tulia tusiwaonee, wana hoja. Kerneli ya Linux, yaani kiini chake, ikikuta RAM imekaa bure inaijaza mafaili yaliyosomwa kwenye diski, na prosesi (programu inayoendeshwa) ikitaka nafasi inayatupa hapo hapo. Ndo maana tangu kerneli 3.14 ya mwaka 2014 tuna mstari wa MemAvailable kwenye /proc/meminfo, maana watu walikuwa wanaangalia "free" na kupata presha bila sababu. Alafu biashara yote ya kuendesha VM inasimama kwenye kugawa zaidi ya ulichonacho, VMware walieleza mbinu zao mwaka 2002, baluni inayovimba ndani ya VM ili irudishe RAM, peji (vipande vidogo vya RAM) zinazofanana zikahifadhiwa nakala moja, na upande wa KVM, injini ya VM ya Linux ambayo Proxmox inatumia, ikaja KSM ya kuunganisha peji hizo kwenye kerneli 2.6.32. Kwa ofisi ndogo yenye seva iliyonunuliwa refurb, kuongeza RAM kisa grafu imekuwa nyekundu ni kuchoma hela. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni kwenye neno "itaachiwa". Nani ataachia, na kwa spidi gani?

VM machoni pa hosti ni prosesi moja tu inaitwa kvm. Ukiipa GB 16 haizichukui zote mara moja, inachukua peji moja moja kadiri inavyozigusa. Sasa VM ya Linux ikijaza keshi yake humo ndani, hosti haina habari kama ile ni keshi, kwake ni memori ya prosesi kama prosesi nyingine yoyote, haiwezi kuitupa, la sana sana iipeleke swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM). Ni kama mwenye nyumba aliyeshakabidhi funguo, mpangaji anaweza akawa ameweka maboksi matupu vyumba vitatu na yeye hajui. Kwa hiyo ile "available" unayoiona ukiingia ndani ya VM ni ya VM, usije ukaihesabia hosti. Windows ndo usiseme, inapita kwenye peji zake za bure inazijaza sifuri, na kuandika sifuri nako ni kugusa, unakuta VM imewaka haina hata mtumiaji mmoja lakini hosti imeshatoa RAM yote uliyoandika kwenye seting. Tangu kerneli 5.7 ya 2020 VM inaweza kuripoti peji ilizoachia ili hosti izichukue, inasaidia, ila keshi ya ndani ya VM haihesabiki kama imeachiwa.

Hapo bado hatujagusa ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski.

ARC, yaani keshi ya ZFS, kwenye Linux haikai kwenye safu ya buff/cache ukipiga amri ya free. Inahesabiwa kwenye used, na MemAvailable haiijui kabisa. Kwa hiyo anayesema "hiyo ni keshi" hakosei, ni keshi, lakini sio ile keshi anayoizungumzia, sheria zake ni tofauti. Zamani limiti yake ilikuwa nusu ya RAM yote ya hosti. Kuanzia Proxmox 8.1, mwishoni mwa 2023, installa inaiweka asilimia 10, na haivuki GiB 16, lakini hiyo ni kwa usakinishaji mpya tu, aliyepandisha toleo kutoka 7 kwenda 8 alibaki na nusu yake na wengi hawajui.

Chukua hosti ya GB 64 ya aina hiyo. VM ya databesi GB 24, Windows GB 12, VM tatu ndogo za Linux GB 4 kila moja, jumla 48. Mwenye hosti anasema bado nina 16, niko vizuri. ARC ina ruhusa ya kufika 32. Jumlisha 48 na 32 unapata 80, kwenye mashine ya 64, na hapo hujaweka hosti yenyewe wala kile kidogo ambacho kila prosesi ya kvm inakula juu ya RAM ya VM yake.

Ndio, ARC inapungua ikibanwa. Siku nyingi inapungua vizuri tu na hakuna anayejua. Lakini haiachii kwa wepesi wa keshi ya kawaida, na hosti inabanwa ghafla, bekapu imeanza, kuna mtu kawasha VM nyingine, zote zinataka RAM sekunde hiyo hiyo. Na Proxmox ikisakinishwa juu ya ZFS installa haitengenezi swapu, kwa hiyo hakuna pa kupumulia. Kerneli ikishindwa inamwita OOM killer, sehemu yake ya kuua prosesi RAM ikiisha, naye anaangalia nani kashika memori nyingi zaidi. ARC sio prosesi, iko ndani ya kerneli, haiwezi kuuliwa. Anayeuliwa ni kvm kubwa kuliko zote, na kvm kubwa kuliko zote ni nani kama sio ile databesi ya GB 24? Yaani keshi ndo imebana hosti alafu anakufa yule uliyenunulia seva. Na anakufa kama umeme uliokatika, ukiingia kwenye logi za VM yenyewe hukuti kitu, databesi ilikuwa inaandika kawaida na ghafla kimya, watu wanapoteza asubuhi nzima wanalaumu Postgres au wanalaumu diski, kumbe mstari wa "Out of memory: Killed process" uko kwenye logi ya hosti ambako hakuna aliyeangalia, kwa sababu hosti walishaambiwa iko sawa.

Kuna jingine la chini chini. Kwa kawaida Proxmox ikiona hosti imevuka asilimia 80 inaanza kuvimbisha baluni kwenye VM ulizoziwekea kiwango cha chini. Na hiyo 80 inaihesabu pamoja na ARC. Unakuta VM zinanyang'anywa RAM ili kuipisha keshi, zinaanza kujikongoja, na grafu ya hosti inaonyesha mambo shwari.

Waliohama kutoka ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha VM, baada ya Broadcom kuinunua VMware mwaka 2023 wana tabia yao nyingine, wamezoea kutazama "active", yaani RAM ambayo VM inaigusa kweli. Namba nzuri ile, lakini ni makadirio, ESXi inachagua peji chache bila mpangilio, kwa kawaida 100, inaangalia ngapi zimeguswa ndani ya dakika moja. Hip ya Java (memori ya programu za Java) au bafa za databesi zisizoguswa dakika hiyo hazionekani. Ukipanga ukubwa wa VM kwa active pekee utaipunguza mpaka ilie. Na Proxmox haina namba hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo mtu akisema RAM ya hosti yake ni 92, mi simtulizi wala simtishi, namuuliza ARC iko ngapi, arc_summary inasema. Kama asilimia 30 kati ya hizo 92 ni ARC, aweke zfs_arc_max kwenye /etc/modprobe.d/zfs.conf, apige update-initramfs, kadirio la Proxmox wenyewe ni GiB 2 na kuongeza GiB 1 kwa kila TiB ya storeji. Kama ARC ni ndogo na zilizobaki ni VM, basi 92 ni 92 kweli na kuwasha VM nyingine ni kucheza bahati nasibu. Alafu acheki /proc/pressure/memory, ipo tangu kerneli 4.20, inakuonyesha muda ambao prosesi zimekaa zinasubiri RAM. Ikiwa sifuri kutwa nzima, wale wa "tulia" wameshinda siku hiyo. Siku hiyo tu lakini, maana faili hilo linasema ya sasa hivi, halijui bekapu inaanza saa ngapi.

Na aliyepanda Proxmox 9 akiona VM ya Windows imevuka asilimia 100, hiyo sio bagi. Kama VM hairipoti matumizi yake ya ndani, toleo hili linaonyesha memori yote iliyochukuliwa kwenye hosti kwa ajili yake, pamoja na ile ya ziada ya prosesi. Wengi wamelalamika. Mi naona ndo mara ya kwanza grafu hiyo inajibu swali la hosti badala ya swali la VM.