Nitrojeni ya Uholanzi: majaji wamesingiziwa

Mjadala wa kilimo ukipamba moto huku kwetu, hakosekani mtu wa kuitolea mfano Uholanzi. Nchi yenye kilomita za mraba 41,500 hivi, maji yakiwemo, yaani karibu sawa na Mkoa wa Dodoma, lakini kwa mwaka inauza nje bidhaa za kilimo zenye thamani inayozidi euro bilioni 120. Sifa hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana matrekta ya wakulima yalipomiminika The Hague, makao ya serikali, Oktoba 2019, miezi michache baada ya mahakama kuuangusha mpango wa vibali vya nitrojeni, na foleni za magari zikazidi kilomita 1,000 kwa jumla, wengi walikata shauri mapema: majaji na wanaharakati wameamua kukiua kilimo hodari kwa ajili ya vichaka na vindege. Naona majaji hao hawakutendewa haki.

Tuanze na ardhi yenyewe. Dodoma, kwa sensa ya 2022, ina watu milioni 3 na ushei. Uholanzi ilivuka milioni 18 mwaka 2024, na robo ya eneo lake iko chini ya usawa wa bahari. Katikati ya msongamano huo kuna ng'ombe karibu milioni 4, nguruwe milioni 10 hivi na kuku wanaokaribia milioni 100. Mifugo hiyo haiwezi kulishwa na majani ya nchi hiyo peke yake. Soya hupakiwa melini Brazil na kwingineko, ikashushwa Rotterdam, ikaingia mabandani. Jibini, maziwa ya unga na nyama hutoka tena kwenda kuuzwa nje. Samadi nyingi hubaki. Hesabu za mauzo ya nje tunazozishangilia hazina safu ya samadi.

Mkojo na kinyesi cha mifugo vikichanganyika hutoa gesi ya amonia, ambayo ni nitrojeni inayosafiri hewani. Huinuka na upepo, kisha hutua. Mashariki mwa bonde la Gelderse Vallei, lenye mabanda mengi ya kuku, uko Veluwe, msitu na vichaka vya heide vilivyoota kwenye mchanga usio na rutuba. Upepo wa pale huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo sehemu ya amonia ya bondeni huishia Veluwe. Mkulima yeyote ataniuliza: mbolea ya bure ina ubaya gani? Ubaya wake ni kwamba mimea ya pale imezoea umaskini wa udongo. Ukiurutubisha, nyasi zenye pupa huisonga mingine. Halafu udongo hugeuka tindikali, na kalsiamu iliyokuwemo husombwa na mvua.

Naomba tukae kidogo kwenye kalsiamu, kwa sababu ndipo watu wanapocheka wakisikia habari za vindege. Kuna ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, Waholanzi humwita koolmees. Jike likikaribia kutaga hutafuta konokono, maana gamba la konokono ndilo humpa kalsiamu ya kutengeneza ganda la yai. Udongo ukikosa kalsiamu, konokono hupotea. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Uholanzi walikuta kwenye misitu ya aina hiyo mayai yenye maganda membamba, na mengine yasiyo na ganda kabisa. Baadaye huko Veluwe wakakuta makinda yamevunjika miguu yakiwa bado kiotani. Mialoni nayo hunyong'onyea na kufa. Ndege anayevunjika mguu kabla hajaruka anatoa habari za udongo. Udongo uliopoteza madini yake haurudi ulivyokuwa kwa sababu bunge limepitisha bajeti mpya, na nitrojeni iliyokwisha kutua haiondoki siku mabanda yanapopunguzwa.

Sasa majaji walisema nini? Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango uitwao PAS. Ulitoa vibali vya kupanua mabanda, kujenga barabara na viwanda, kwa matumaini kwamba nitrojeni ingepungua miaka ijayo kutokana na hatua nyingine. Ni kama kutumia leo mshahara wa mwakani, tena kazi yenyewe hujaipata. Sheria ya Ulaya inataka uhakika kwamba hifadhi haitadhurika kabla kibali hakijatoka. Tarehe 29 Mei 2019 Baraza la Dola, mahakama ya juu kabisa ya mashauri ya utawala, lilisema hivyo na mpango ukaanguka. Miradi takriban 18,000 ikakwama, zikiwemo nyumba, katika nchi ambayo upungufu wake wa nyumba umekadiriwa kufikia 400,000 hivi. Lawama zikawaangukia majaji, ilhali serikali ndiyo iliyogawa kitu isichokuwa nacho.

Wakulima nao wana hoja, na nzito. Majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945, chini ya Wajerumani, watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa Uholanzi. Vita vilipoisha waziri wa kilimo Sicco Mansholt, mkulima mwenyewe, aliapa hayo yasijirudie, na kuanzia hapo dola ilimwambia mkulima wimbo mmoja: ongeza ukubwa, nunua mashine, kopa. Mwaka 1950 mashamba yalizidi 400,000. Leo yamebaki kama 50,000. Aliyebaki ni yule aliyetii. Kiwango cha ukomo wa maziwa cha Ulaya kilipofutwa Aprili 2015, wafugaji wengi walijenga mabanda mapya kwa mikopo. Miaka mitatu tu baadaye wakawekewa ukomo mwingine, wa fosfeti, madini yaliyomo kwenye samadi. Tena wamepunguza amonia kwa zaidi ya asilimia 60 tangu 1990, na karibu theluthi ya nitrojeni inayotua nchini hutoka nje ya mipaka. Halafu mkulima anaona uwanja wa ndege wa Schiphol ukinunua mashamba ili utumie haki za mashamba hayo za kutoa nitrojeni. Ramani ya serikali ya Juni 2022 ilipotaka maeneo mengine yapunguze nitrojeni inayotolewa kwa hadi asilimia 95, hasira ikalipuka, na Machi 2023 BBB, chama cha kutetea wakulima cha Caroline van der Plas, kikaongoza katika uchaguzi wa mabunge ya mikoa, mikoa yote 12.

Nayakubali yote hayo, lakini hakuna hata moja linaloonyesha kwamba mahakama ilikosea. Sehemu kubwa ya punguzo hilo la amonia ilipatikana kabla ya 2010, kisha kasi ikafifia. Sakafu za kisasa za mabanda, zilizouzwa kwa ahadi ya kupunguza amonia, zilipopimwa kwenye mashamba halisi hazikutimiza ahadi. Na hoja kwamba bila ng'ombe hawa Waholanzi watalala njaa haina nguvu, maana wingi wa mifugo hiyo ni kwa ajili ya masoko ya nje. Januari 2025 mahakama ya The Hague, katika kesi ya Greenpeace, iliiamuru serikali ihakikishe kwamba ifikapo mwisho wa 2030 nusu ya eneo la hifadhi zinazodhurika na nitrojeni iko chini ya kiwango hatari, la sivyo ilipe euro milioni 10. Miaka mitano na ushei ilikuwa imepita tangu hukumu ya kwanza, na kilichokwisha kutumika ni muda.

Waliodhulumiwa hasa wapo, na hawatajwi sana: maelfu ya wafugaji ambao chini ya PAS hawakuhitaji kibali, walitakiwa kutoa taarifa tu. Walitoa. Hukumu ya 2019 ikawaacha bila karatasi halali, wakiwa wamefuata kila walichoambiwa. Serikali iliahidi kuwahalalisha hadi mapema 2025. Muda ukafika wengi bado hawajahalalishwa, ukasogezwa mbele tena. Fedha za kufunga mabanda yanayotoa nitrojeni nyingi jirani na hifadhi zilitengwa, hadi asilimia 120 ya hasara ya thamani kwa waliokubali kuondoka. Nafasi ya nitrojeni inayopatikana hapo ianze kwenda kwa wafugaji hawa, kabla ya barabara mpya na kabla ya uwanja wa ndege.