Uzito wa Usukani: Ndege Halisi na Jostiki ya Mezani

Wapenzi wa simuleta (programu za kompyuta zinazoiga urushaji) za ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia hawaishi kubishana juu ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani. Mchezaji huisukuma jostiki, kijiti cha mezani kinachoshika nafasi ya usukani, pembeni hadi mwisho, lakini ndege iliyo katika kasi kubwa hulala upande polepole mno. Wengine huona hiyo ni kasoro ya programu; wengine hujibu kwamba rubani wa mwaka 1940 naye asingeweza kuufikisha usukani wake huko.

Historia iko na kundi la pili. Usukani wa ndege hiyo umeunganishwa moja kwa moja na eleroni, vile vibao vya kwenye mabawa vinavyoilaza ndege upande, hivyo mkono hupambana na upepo wenyewe, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukigeuza kibao kwa kiasi kilekile huongezeka takriban mara nne. Waingereza walioijaribu Bf 109 iliyotekwa walikuta kwamba katika kasi ya maili 400 kwa saa, yaani kama kilomita 640, rubani aliyetumia nguvu zake zote aliweza kugeuza eleroni kwa moja ya tano tu. Nafasi ya rubani ilikuwa finyu kiasi kwamba mkono uliweza kusukuma pembeni kwa ratili 40 hivi, ilhali katika Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ulifikia 60. (Spitfire za mwanzo, zenye eleroni za kitambaa, nazo zilikuwa nzito katika kasi hiyo, jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kukumbushwa.)

Hata hivyo, kundi la kwanza halilalamiki bure. Rubani aliuhisi uzito ukikua mkononi, akajua mapema kwamba apunguze kasi; springi ya jostiki ya mezani haibadiliki, kwa hiyo mchezaji huadhibiwa kwa uzito asioupata. Aidha, ni mtunzi wa programu anayeamua rubani wa kubuni ana misuli kiasi gani, na mara nyingi hasemi.

Kwa anayejifunzia Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, tatizo liko kwenye trimu, kifaa cha kuuondolea mkono uzito wa usukani. Katika ndege halisi rubani huushikilia usukani mahali panapotakiwa, kisha huzungusha gurudumu la trimu hadi mkono usibebe kitu. Jostiki ya springi hudai kinyume chake: irudishwe katikati huku trimu ikizungushwa, mazoea ambayo mwanafunzi atalazimika kuyaacha atakapoingia kwenye ndege. Jostiki zenye mota ya kuusukuma mkono hupunguza tatizo hili, ila kwa bei isiyo ya kila mtu.

Airbus A320, ndege ya abiria iliyoanza kazi mwaka 1988, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa usukani wake wa pembeni ni wa springi na hauurudishii mkono nguvu ya upepo. Hapo jostiki ya bei nafuu inaukaribia ukweli, na programu kuihesabu kama kipimo cha mahali mkono ulipofika kunatosha. Kwa Bf 109 ningependelea jostiki ihesabiwe kama kipimo cha nguvu ya mkono, mradi skrini imwonyeshe mchezaji eleroni zimegeuka kiasi gani na ni ratili ngapi za nguvu alizokadiriwa.