Aliyesamehewa Bado Ana la Kurudisha

Katika mikutano ya injili inayofanyika jijini Mwanza, iwe ni kwenye viwanja vya Furahisha au kwenye kiwanja kidogo cha mtaa huko Igoma au Buhongwa, mstari unaosikika sana ni ule wa Warumi 6:23: "Kwa maana mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele katika Kristo Yesu Bwana wetu." Naupenda mstari huo kwa sababu unataja hukumu na neema kwa pumzi moja, bila kupunguza uzito wa hukumu wala utamu wa neema. Hata hivyo, naamini kwamba sisi Wakristo wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuutangaza msamaha kwa nguvu, kisha tunamwacha aliyesamehewa aende zake bila kumuuliza swali moja la lazima: ni nani aliyeumizwa na dhambi yako, na sasa utamfanyia nini?

Maandiko yenyewe hayamwachi mtu hivyo. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani, nabii Nathani alimwendea na kisa cha tajiri aliyempokonya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akakiri, na jibu likaja papo hapo: "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Msamaha ule ulikuwa kamili. Lakini katika sura hiyo hiyo ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, Daudi anaambiwa kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake, na anayesoma sura zinazofuata huona jinsi jambo hilo lilivyotimia: Amnoni anamnajisi Tamari, Absalomu anamuua Amnoni, kisha Absalomu anaasi na kufa akiwa ananing'inia mtini. Daudi aliendelea kuwa mpendwa wa Mungu katika miaka hiyo yote, na katika miaka hiyo hiyo aliwalilia watoto wake. Anayedhani kwamba moja kati ya mambo hayo mawili lazima liwe uongo hajakisoma kisa hicho hadi mwisho.

Zakayo ananisaidia zaidi, kwa sababu dhambi yake ilikuwa ya fedha, na fedha huhesabika. Yesu ndiye aliyetangulia kumwita ashuke mtini na kutangaza kwamba atashinda nyumbani kwake, kabla mtoza ushuru huyo hajatamka neno lolote la toba. Neema ilitangulia. Baada ya hapo Zakayo akasimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kwamba yeyote aliyemnyang'anya kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mtu anayekiri kosa la namna hiyo arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alipita mbali kiwango hicho kwa hiari yake.

Sasa tulilete jambo hili kwenye mialo yetu, yaani fukwe zinakoegeshwa mitumbwi ya wavuvi. Chukulia kijana aliyeiba injini ya mtumbwi, akaiuza kisiwani, kisha baada ya miaka miwili akaokoka na kusimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Tunapiga makofi na vigelegele, na ni halali yetu kufurahi, kwa kuwa mbinguni nako wanafurahi. Lakini mwenye injini bado yuko kijijini kwake, amegeuka kibarua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, na watoto wake wameacha shule. Ushuhuda usiomtaja mtu huyo umekatwa nusu. Simaanishi kwamba kijana yule ailipie neema, kwa maana neema hailipiwi. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye neema imemfikia kweli hawezi kuishi kwa raha juu ya hasara ya mwenzake. Wakatoliki wameliweka jambo hili wazi katika sakramenti ya kitubio, wakifundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini haliponyi vurugu zote zilizoletwa na dhambi, na kwa hiyo muungamaji hupewa malipizi. Sisi Waprotestanti tuna sababu za kihistoria za kuliogopa fundisho hilo, lakini hofu yetu isitufanye tumfiche Zakayo.

Yako pia madhara ambayo hakuna awezaye kuyarudisha. Mume aliyekuwa mzinzi katika makambi ya wavuvi, akamletea mkewe virusi vya UKIMWI, anaweza kusamehewa na Mungu leo hii, na mkewe bado ataendelea kumeza dawa za kufubaza maisha yake yote. Mume huyo asiambiwe kwamba maombi yamefuta yote na kwamba yeye na mkewe waache dawa. Aambiwe kwamba neema inamwita kuwa mume mwaminifu kuanzia sasa, kumsindikiza mkewe kliniki, kuukubali uchungu wa mkewe bila kumhimiza asahau haraka. Hilo ni gumu kuliko kulia madhabahuni, na naamini kwamba Roho Mtakatifu hutupa nguvu kwa ajili ya mambo magumu ya namna hiyo.

Hapa lazima niweke mpaka, kwa kuwa mkoani kwetu fundisho la matokeo ya dhambi limepindishwa hadi likamwaga damu. Ni kweli kwamba dhambi huzaa mateso, lakini si kweli kwamba kila mateso yana mwenye dhambi wake. Makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 yako pale Igoma, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200 walikufa. Anayesema kwamba marehemu hao waliadhibiwa kwa dhambi zao anapingana na Yesu mwenyewe, ambaye katika Luka 13 aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, na akajibu, "Sivyo." Kisha akawageukia waliokuwa hai akawaambia watubu. Kiu hiyo hiyo ya kumtafuta mwenye kosa nyuma ya kila msiba ndiyo iliyowaua bibi zetu wengi Usukumani, waliohukumiwa kuwa wachawi kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoathiriwa na moshi wa jikoni.

Tumaini langu basi liko wapi? Chuo kikuu kilichoko Malimbe, hapa Mwanza, kina jina la Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyefariki mwaka 430, ambaye alishindana kwa miaka mingi na mafundisho ya Pelagio kwamba binadamu anaweza kushika njia njema kwa juhudi zake mwenyewe. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418, yaani mkutano wa maaskofu, uliyakataa mafundisho hayo, na ulifanya vizuri. Mwizi wa injini hataweza kurudi kwa aliyemwibia kwa nguvu ya aibu peke yake, kwa maana aibu humkimbiza mtu na kumpeleka mbali. Anayejua kwamba amekwisha kupokelewa na Kristo ndiye awezaye kubisha hodi kwenye mlango ule, akijua kwamba huenda akatukanwa au akapelekwa polisi, na hata huko mahabusu bado ni mwana wa Mungu.

Wala asiende peke yake. Paulo alipomrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni, aliandika kwamba kama mtumwa yule amemdhulumu au anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu yake Paulo, naye atalilipa. Natamani kuona jumuiya zetu na vikundi vyetu vya maombi vikifanya hivyo hivyo: wazee wawili wamsindikize aliyetubu hadi kwa aliyemkosea, wakubaliane kiasi na muda wa kulipa, na pale ambapo kipato chake hakitoshi, sehemu ya sadaka ya shukrani ya kanisa iende kwa mwenye injini.