Aliyetangulia kwenye eneo la picha ana haki gani?

Jumamosi jioni pale Nyerere Square, katikati ya jiji la Dodoma, kuna muda ambao kila mwenye kamera anautaka. Ukali wa jua umepungua, nyuso za watu hazina tena vivuli vizito chini ya macho, na rangi ya ngozi inatoka vizuri bila kulazimisha. Muda huo ndio utakuta maharusi na msafara wao, wanafunzi wa chuo wanaopigana picha kwa simu, na familia iliyoleta watoto kupunga upepo. Wote wanataka kusimama palepale, na hapo ndipo maneno huanza. "Kaka, umenizibia." "Mbona sisi ndio tulikuwepo?" "Kwani hapa ni kwa baba yako? Hili ni eneo la umma!"

Ugomvi wa namna hii huonekana mdogo kwa anayepita njia. Kwa anayeishi kwa kamera si mdogo hata kidogo, na ukiusikiliza kwa makini utagundua kwamba kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyotaka kukubali.

Kwanza tuangalie jua lenyewe, maana ndilo chanzo. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Huku kwetu jua halizami kwa kulala upande, linashuka karibu wima. Tangu linapobakiwa na nyuzi 6 juu ya upeo wa macho mpaka linapopotea kabisa, unapata dakika kama 25 tu. London mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua karibu mara mbili. Ndiyo maana ushauri wa kwamba subiri tu kwa utulivu, zamu yako itafika, ambao vijana wengi wanauokota kwenye video za wapiga picha wa Ulaya, ukiuleta hapa bila kuupima unaweza kumnyima mtu jioni yake nzima. Magharibi ya Dodoma huingia kati ya saa 12:30 na saa 1:00, kutegemea mwezi. Ukimsubiri mwenzako anayejivuta, zamu yako inafika na taa za barabarani zimeshawaka.

Sasa msikilize aliyetangulia. Huyu ni mpiga picha wa harusi. Ibada imechelewa kuisha, ukumbini wanamsubiri, MC ameshaanza kupiga simu. Katikati ya hapo ana muda mfupi wa kutengeneza picha ambazo ndizo zitakazotundikwa ukutani miaka yote. Ameshatangulia kuliangalia eneo, anajua jua litaangukia wapi, amesimamisha stendi za taa, ameweka msaidizi wa kushika reflekta ya kurudishia mwanga usoni. Mteja ametoa advansi na salio linategemea kazi. Mtu akikatiza nyuma ya bibi harusi, picha hiyo imekufa, au itabidi akeshe kwenye kompyuta akimfuta.

Na kuna madhara ambayo mgeni wa kazi hii hayaoni. Maharusi wakiwa wamesimama mbele ya kamera mbili, macho yanagawanyika. Bwana harusi anaangalia kamera ya kulia, bibi harusi anaangalia simu ya shangazi aliyejipenyeza kushoto, wasimamizi hawajui waangalie wapi. Ukija kuifungua picha usiku, kila mtu ana safari yake. Kulirekebisha hilo baadaye kwenye kompyuta ni kazi ngumu. Jingine ni flashi. Flashi nyingi za sasa huwashwa kwa mawimbi ya redio kupitia chaneli, yaani namba unayoichagua kwenye kifaa, na wapiga picha wawili wakiwa kwenye chaneli moja kwa vifaa vya aina moja, huyu akibonyeza, taa ya yule inawaka. Zile zinazofuata mwanga wa flashi nyingine ndiyo kabisa, zinamwitikia yeyote. Mwenye taa anakuta betri inaisha, na mbaya zaidi, anabonyeza kwenye pozi lenyewe na taa haijajaa chaji tena. Kubadilisha chaneli ni kazi ya sekunde chache, lakini lazima kwanza mzungumze.

Kwa hiyo anaposema "nimetangulia", hatetei kiburi. Anatetea kazi iliyoandaliwa.

Lakini upande wa pili nao una haki yake, na mimi naona mara nyingi haupewi uzito unaostahili kwa sababu anayeusemea hana vifaa vya kutisha. Bustani ya jiji haikutengenezwa iwe studio. Mama aliyekuja na watoto wake kupiga picha moja kwa simu chini ya mti ana haki sawa na mwenye lenzi ya mamilioni. Kijana aliyekodi kamera kwa siku, akapata mteja wake wa kwanza, naye muda wake ni pesa. Kesho asubuhi kamera inarudi kwa mwenyewe. Ukimwambia asubiri kwa sababu wewe unafanya kazi, unamaanisha yeye anacheza?

Tena kanuni ya "aliyetangulia" ina tundu kubwa. Mtu anaweza kufika saa tisa alasiri, akatandaza mabegi na stendi kwenye kona nzuri, akaishikilia mpaka giza, mteja baada ya mteja. Huyo hajatangulia, amehodhi. Na sheria haimsaidii katika hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha uliyoipiga. Wazo hailindi, na kona uliyoigundua haiwi mali yako kwa sababu uliiona kwanza. Mwenzako akisimama pale uliposimama, akapiga mti uleule kwa pembe ileile, hajakuibia kitu. Wapo wanaonuna kwa hilo, siwaungi mkono.

Msimamo wangu ni huu: aliyetangulia ana haki ya kumaliza alichokianza, hana haki ya kuanza kingine wakati mwenzake amesimama na mteja. Akiwa katikati ya pozi, asiingiliwe, hata na mtu mwenye haraka kuliko yeye. Pozi likiisha, ahame hatua kumi, apige kwingine, arudi baadaye akitaka. Na kadiri mtu anavyokalia nafasi kubwa, kwa taa, wasaidizi na msafara, ndivyo jukumu la kuangalia nani anasubiri linavyokuwa lake. Sababu yake ni rahisi: mwenye simu akikuzibia, anaondoka kwa hatua mbili, wewe ukimzibia na stendi nne, hana pa kwenda.

Wapo watakaosema haya ni maneno matamu yasiyotekelezeka, kwamba mpiga picha ni mshindani na mshindani hapishi. Nawaomba wawatazame wapiga picha wa habari. Mwezi Juni, siku ya kusomwa kwa bajeti kuu, waziri wa fedha anapoonyesha mkoba wake nje ya Bunge hapahapa Dodoma, ile picha ni moja na kila chombo kinaitaka. Ushindani hauwezi kuwa mkali zaidi ya hapo. Lakini waandishi wa picha wana utaratibu wao wa siku zote: wa mbele anachuchumaa, wa katikati anapiga goti, wa nyuma anasimama. Anayesimama mbele ya wenzake anazomewa papo hapo. Wanafanya hivyo kwa kuwa kesho watakutana tena kwenye mkutano mwingine, na aliyemzibia mwenzake leo anajua kitakachompata. Ustaarabu wao umezaliwa na kukutana mara kwa mara.

Sasa linganisha na mahafali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hukusanya maelfu ya wahitimu na ndugu zao kila mwaka, na wapiga picha huja kutoka kila upande, wengi wao hawajawahi kuonana. Wanagombea mandhari zilezile, pamoja na wateja wenyewe. Hapo utamwona mtu anamvuta mhitimu mkono akiwa bado anapigwa na mwenzake: "Dada, mimi nakutolea sasa hivi, kwa bei nzuri." Hili silioni kama suala la pande mbili. Kudandia mteja aliyesimama mbele ya kamera ya mwingine ni ubaya tu, na kisingizio cha eneo la umma hakiuhusu, kwa sababu makubaliano ya watu wawili si eneo la umma. Kwa sehemu kama hizo waandaaji wangefanya jambo la maana wakitenga sehemu kadhaa za kupigia picha zenye foleni inayoeleweka. Sisemi wauze vibali. Kibali cha kulipia kingemwondoa yule kijana wa kamera ya kukodi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna mahali ambapo zamu inasimamiwa, na tofauti inaonekana. Kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, unapita Kolo na kuongozwa na mwenyeji. Chini ya mwamba nafasi ni finyu, na mwongozaji ndiye anayesema nani asogee na nani asiegemee ukuta wenye mchoro. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji, kwa hiyo wapiga picha wawili wanaosukumana pale wanawakosea watu wengine zaidi ya wao wawili. Kwa kuwa yupo mtu wa tatu mwenye kauli, mabishano hayafiki mbali. Bustani za mjini hazina mtu huyo, na ndiyo maana kila kitu kinategemea midomo yetu wenyewe.

Midomo hiyo ndiyo inayopima mtu. Anayefika wa pili asianze kwa kufungua begi. Asalimie. Akikuta mtu mzima, shikamoo haimpunguzii kitu, akikuta rika lake, "Kiongozi, mambo? Umebakiza pozi ngapi?" inatosha. Swali hilo lina nguvu kuliko "utamaliza saa ngapi", kwa sababu linakiri kwamba mwenzako yuko kazini na wakati huohuo linampa mwisho. Naye ajibu ukweli. "Mbili tu, mdogo wangu, halafu pako" iwe mbili kweli. Nimeona "dakika mbili" zikimaliza jua lote, na aliyedanganywa hivyo mara moja hatauliza tena, ataingia tu. Aliyefika wa pili, wakati anasubiri, akae nyuma ya kamera ya mwenzake, si pembeni ambako macho ya mteja yatamfuata.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera katika mjadala huu. Adabu yetu ya kuheshimu wakubwa, ambayo naipenda, inatumiwa vibaya na baadhi ya wakongwe. Kijana akiuliza zamu, anajibiwa: "Dogo, subiri wakubwa tumalize." Binti mwenye kamera anaulizwa kama amekuja kumsaidia nani. Hiyo ni njia ya kulifunga eneo la umma kwa kutumia umri na jinsia, huku sura ikiwa ya heshima. Anayedai adabu kwa wengine aonekane naye akipisha, tena ampishe aliye chini yake, maana kumpisha mwenye jina kubwa kila mtu anaweza.

Ni kweli pia kwamba si kila picha inaweza kusubiri zamu. Maharusi watarudia pozi. Treni ya umeme ya SGR, reli yetu ya kisasa, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hairudii. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 hivi kila sekunde. Waliosimama nje ya uzio kuisubiri wote wana nafasi moja, na anayesogea mbele sekunde ya mwisho amewaharibia wote kwa mkupuo. Kwa tukio la namna hiyo, mazungumzo ya zamu hayana maana. Mnapangana mapema, wafupi mbele, na treni ikionekana hakuna anayehama.

Limebaki suala la mteja, ambalo nadhani ndilo lenye kuamua zaidi. Ugomvi mwingi wa bustanini hupandwa siku ya kuchukua advansi. Mpiga picha anamwonyesha bibi harusi picha ya eneo tupu, hakuna mtu nyuma, na kumwambia itakuwa hivi. Hakumwambia kwamba picha ile ilipigwa asubuhi siku ya kazi. Jumamosi jioni anakuta watu mia, bibi harusi anamkazia macho, naye anahamishia aibu yake kwa familia iliyokaa kwenye kiti cha bustani na kuanza kuwafukuza. Alichouza hakikuwa chake. Angeweza kumpa mteja mambo mawili achague: picha za asubuhi siku nyingine akiwa amevaa tena, au picha za jioni ileile penye watu, kwa lenzi ndefu inayofifisha walio nyuma na kwa nusu saa ambayo wanaigawana na wengine. Wateja wengi wakielezwa hivyo mapema wanaelewa, na wengine huchagua ya pili kwa furaha kabisa, maana wanataka ionekane kwamba siku hiyo Dodoma nzima ilikuwepo.