Kikoni usiku: mwanachuo ni mgeni au ni jirani?

Ukishuka kilima cha Chuo Kikuu cha Makerere, jijini Kampala, Uganda, kwa upande wa magharibi unaingia mtaa wa Kikoni, na ukiingia Ijumaa usiku masikio yatakwambia umefika kabla ya macho. Spika ziko kwenye varanda za hosteli, nyingine kwenye kafunda, yaani vibaa vidogo vya mtaani, na boda boda zinapita katikati zikipiga honi. Kila Agosti vyuo vinapofunguliwa, ugomvi wa mwaka jana unaanza upya. Wenyeji wanasema watoto hawa hawana adabu. Wanachuo wanasema wazee hawa wamesahau kwamba nao walikuwa vijana.

Malalamiko ya wenyeji ni mazito, na asiyewahi kulala mita kumi kutoka kwenye spika asiyapuuze. Kuna muuguzi anayetakiwa kuamka saa kumi na moja awahi zamu. Kuna mtoto wa darasa la saba, ambaye mtihani wake wa PLE, ule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, huja mwanzoni mwa Novemba, wakati muhula wa chuo umepamba moto. Asubuhi mama mwenye nyumba anafagia chupa na matapishi ya watu asiowajua. Sheria pia iko upande wao: kanuni za kelele za mwaka 2003 zinahesabu usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika saa hizo kiwango cha kelele kinachoruhusiwa kinashuka.

Lakini tujiulize wanachuo hawa walifikaje Kikoni. Zamani wengi wao walikaa kwenye mabweni ya chuo, juu kilimani, na kelele zao zilibaki huko. Miaka ya 1990 Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wengi wa kujilipia, mabweni hayakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Hosteli za watu binafsi zikaota Kikoni, Wandegeya na Nakulabye, nyingi zikiwa ghorofa zilizojaza kiwanja chote, hazina ukumbi wala ua. Kijana wa miaka ishirini aliyemaliza mitihani atasherehekea wapi, kama si kwenye korido na barabarani? Mwenye hosteli anapokea kodi yake kila muhula na analala mtaa mwingine wenye utulivu. Kwangu mimi, huyu ndiye anayepaswa kulaumiwa zaidi, na ndiye asiyetajwa.

Tena si kelele zote ni za wanachuo. Kesha la maombi lenye spika nne hudumu hadi alfajiri na jirani huvumilia, kwa sababu wanaokesha anawajua majina. Naona hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kelele ya mtu unayemjua unaweza kwenda kumwambia apunguze. Ya usiyemjua unampigia polisi. Polisi wanakuja, wanakamata wachache, na wiki inayofuata muziki unarudi palepale.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanachuo anakaa Kikoni miaka mitatu au minne na hakuna aliyempa jembe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inasema baraza la kijiji, yaani LC1, ni la kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haikusema mkazi mwenye nyumba. Hata hivyo, mkutano unapoitwa, wanaofika ni wenyeji, na wanachuo wanajadiliwa wakiwa hawapo. Siku ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, wenyeji wanazibua mitaro huku hosteli nzima imelala. Hakuna aliyewagongea mlango.

Wenyeji wana hofu wasiyoisema wazi: wanachuo ni wengi. Uchaguzi wa LC1 wa 2018 ulifanywa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, na mistari ya hosteli tatu ingetosha kumchagua mwenyekiti atakayehama baada ya mahafali. Hofu hiyo ina msingi. Mwanachuo anabadilisha hosteli kila mwaka, na likizo ikifika Kikoni inanyamaza hadi muuza rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, anakosa wateja. Mtu wa namna hiyo hawezi kuamua juu ya mtaro au njia itakayotumika miaka ishirini. Juu ya usingizi wa wiki hii, anaweza, na anapaswa kuulizwa.

Kamati ya LC1 tayari ina katibu wa vijana. Kila hosteli itoe mwakilishi mmoja atakayekaa naye mwanzoni mwa muhula, wakubaliane mambo machache: sherehe itangazwe kwa majirani siku tatu kabla, spika zirudi ndani saa nne, na wiki ya PLE pasiwe na muziki kabisa. Wenyeji nao wakubali usiku mmoja au miwili mwisho wa mitihani, bila kuita polisi. Na mwenye hosteli aitwe kwenye kikao hichohicho, aeleze hao vijana mia mbili aliowapangisha aliwatengea wapi pa kukaa wakitaka kucheza.