Hatua 10,000 zisikuvunje moyo

Kuna watu wameacha kutembea kwa sababu ya namba. Mtu anafikisha hatua 5,000, simu inamwonyesha yuko nusu ya safari, anaona siku imeharibika, na baada ya wiki mbili anakata tamaa kabisa. Inauma, maana hizo 5,000 zilikuwa zinamfaa sana na hakuna aliyemwambia.

Namba yenyewe ilitoka sokoni. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Kijapani ilianza kuuza kifaa cha kiunoni cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye hizo elfu kumi. Utafiti ulikuja baadaye sana. Mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wenye wastani wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Kwa mtu anayekaa kutwa nzima, basi, hatua 2,000 za nyongeza ni jambo kubwa.

Ninachopendekeza kihesabiwe ni dakika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani, na mwendo wa haraka unaingia humo. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10. Dakika sita za kwenda dukani kwa mwendo wa haraka zinahesabika.

Mwendo wa haraka ni upi? Kwa watu wazima wengi ni kama hatua 100 kwa dakika. Hesabu kwa sekunde 15. Ukipata 25, umefika. Ila mimi naiamini pumzi kuliko hesabu: unapaswa kuweza kuzungumza sentensi nzima lakini ushindwe kuimba. Ukiweza kuimba, unatalii. Kipimo hiki kinawafaa hata wanaotumia dawa za moyo au presha za kundi la beta-bloka, ambao mapigo ya moyo wao hayapandi kama ya wengine, kwa hiyo saa inayopima mapigo itawadanganya. Nikiri kwamba katika utafiti wa Lee, kasi haikuongeza mengi ukishazingatia jumla ya hatua. Lakini anayetaka moyo na mapafu yake yapate uwezo zaidi hana budi kuhema kidogo.

Wengi wakiambiwa waongeze kasi, wanarefusha hatua. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kisigino kinatua mbele mno, goti likiwa limenyooka, na kila hatua inakuwa kama breki. Msuli wa mbele ya muundi, ambao kazi yake ni kushusha unyayo polepole baada ya kisigino kugusa chini, unazidiwa na kuanza kuwaka moto. Fupisha hatua, kisha uziharakishe. Kunja viwiko karibu na pembe mraba na urushe mikono mbele na nyuma bila kuvuka kifua. Miguu itafuata kasi ya mikono yenyewe. Macho yatazame mita kadhaa mbele, si vidoleni.

Wakati wa siku unaotembea nao una maana, na hili halisemwi vya kutosha. Misuli ya mapaja na vigimbi ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, inapofanya kazi kwa shida. Sukari hupanda zaidi kama saa moja hivi baada ya kula. Kwa hiyo dakika 10 hadi 15 za kutembea, zikianza ndani ya nusu saa baada ya mlo, zinaikuta ikiwa bado inapanda. Fanya hivyo baada ya milo miwili kwa siku, siku saba, na tayari umefikisha dakika 140 au zaidi. Kwa mwenye kisukari, naona mpango huu una faida kuliko kurundika kila kitu Jumamosi asubuhi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi abebe kitu cha sukari mfukoni, maana sukari ya damu inaweza kushuka mno. Na kabla ya kuvaa viatu, mwenye kisukari aingize mkono ndani: mguu uliopoteza hisia hausikii kokoto, na kidonda huanza hivyo.

Kuhusu uzito, tusidanganyane. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 5 hutumia kilokalori 250 hivi. Soda ya nusu lita inarudisha karibu zote. Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari ulionyesha kwamba dakika 150 za mazoezi kwa wiki, hasa kutembea, pamoja na kupunguza asilimia 7 ya uzito, zilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58, wakati metfomini, dawa ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31. Lakini washiriki walibadilisha na chakula pia.

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na pabaki upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kiatu kikunjike penye vidole, si katikati. Maumivu ya kisigino yanayochoma kwenye hatua za kwanza asubuhi mara nyingi hutokana na kuongeza muda haraka mno. Rudi nyuma, nyoosha vigimbi, kisha ongeza dakika tano tu kwa wiki. Refusha muda kwanza. Kasi ije baadaye.

Kifua kikibana wakati unatembea na kuachia ukipumzika, simama, na umwone daktari kabla ya kuendelea. Kibano kisipoachia ndani ya dakika chache, hiyo ni dharura. Vilevile kigimbi kinachouma kila ukifika umbali uleule na kutulia ukisimama si uchovu; huenda mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba. Tiba mojawapo ya tatizo hilo, chini ya usimamizi wa wataalamu, ni kutembea: unakwenda hadi maumivu yawe makali kiasi, unapumzika yaishe, unaanza tena, kwa dakika 30 hadi 60, mara tatu kwa wiki, kwa angalau wiki 12.